Seremala Asiyeponywa: Maoni Yangu Kuhusu Riwaya Hii Mpya ya Mapenzi

Nimeisoma riwaya hii mara mbili ndani ya wiki tatu. Mara ya kwanza niliisoma kwa pupa, nikitaka tu kujua kama wawili hao wataoana, na mara ya pili niliisoma polepole, kalamu mkononi, nikitia alama kila mahali mwandishi anapoutaja mguu. Ninayo sababu ya kufanya hivyo, kwa kuwa mimi mwenyewe ninatumia mguu wa bandia unaoanzia chini ya goti la kulia, na katika miaka yote ya kusoma hadithi za mapenzi sikuwahi kukutana na mwanamume anayependwa ambaye jioni huvua mguu wake na kuuegemeza ukutani, kama watu wengine wanavyovua viatu.

Kisa chenyewe si kigumu kukisimulia. Seremala aliyepoteza mguu mmoja katika ajali anapewa kazi ya kutengeneza rafu za maktaba, na mkutubi anayesimamia kazi hiyo anaanza kuja karakanani mara nyingi kuliko inavyohitajika. Wanapendana, wanakosana kwa sababu ya barua ambayo mkutubi hakupaswa kuifungua, kisha wanapatana. Anayetafuta mafumbo makubwa hatayapata hapa. Ajali yenyewe imepewa kurasa mbili tu, na mwandishi hairudii tena, jambo ambalo ninalishukuru sana, maana vitabu vingi humfanya mtu mwenye ulemavu aishi milele katika siku ile aliyoumia, ilhali maisha yake yamekwisha kusonga na ana oda za wateja zinazomsubiri.

Sura ya tisa ndiyo iliyonifanya nikiheshimu kitabu hiki. Mkutubi anafika karakanani jioni na kumkuta seremala ameketi kwenye benchi, mguu wa bandia umelala kando yake kati ya maranda, naye anaifuta kwa kitambaa ile soksi ya silikoni inayovaliwa juu ya kigutu. Anamwuliza kama anaumwa, naye anajibu kwamba haumwi, ila mguu umelegea. Mtu asiyeutumia mguu wa namna hii anaweza kuyapita maneno hayo bila kuyatilia maanani. Mimi nilikiweka kitabu chini. Kigutu hakibaki na ukubwa mmoja kutwa nzima: asubuhi huwa kimejaa kidogo, na kadiri mtu anavyosimama na kutembea hupungua, hata ikifika alasiri kikombe cha mguu kinakuwa kipana kuliko nyama iliyomo ndani yake. Hapo mtu huanza kuchechemea, ngozi husuguliwa, na dawa yake ni kukaa, kuuvua mguu, kukausha jasho na kuongeza soksi moja au mbili ili ujae vizuri. Jambo hilo huchukua dakika chache, lakini ni dakika ambazo wengi wetu tunaona haya kuziomba mbele ya watu.

Kurasa arobaini baadaye, wawili hao wako matembezini pamoja na ndugu za mkutubi, na hatua za seremala zinaanza kubadilika. Mkutubi hasemi neno. Anaketi kwenye ukuta mfupi, anaifungua kamba ya kiatu chake ambayo haikuwa imelegea, na kuifunga tena taratibu huku akiwaambia ndugu zake watangulie. Mwandishi haelezi kwa nini amefanya hivyo, na kwa kutoeleza amenionyesha kwamba ananiamini mimi msomaji. Nimewahi kusoma matamko ya mapenzi yaliyojaza ukurasa mzima bila kunigusa. Ile kamba ya kiatu ilinitoa machozi.

Sura ya usiku nayo imeandikwa na mtu aliyesikiliza vizuri. Mlango unagongwa, seremala anaamka usingizini, anasahau kwamba ana mguu mmoja, anasimama na kuanguka. Kuanguka kwa namna hiyo kunawapata wengi wetu, hata baada ya miaka mingi, kwa sababu ubongo bado una ramani ya mwili wa zamani. Daktari Mmarekani Silas Weir Mitchell, aliyewahudumia askari waliokatwa viungo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwake, ndiye aliyekipa kiungo hicho kinachohisiwa ingawa hakipo jina lenye maana ya mzuka, mwaka 1871, na jina hilo limebaki hadi leo. Katika riwaya, mkutubi hakimbilii kumnyanyua. Anamwuliza kwanza kama anataka mkono au anataka kuachwa ainuke mwenyewe, na seremala anajibu kwamba anataka dakika moja. Ile dakika ipo kitabuni, imeandikwa yote, pamoja na baridi ya sakafu na aibu inayopungua pole pole.

Kuna pia kioo. Mkutubi anakiona kioo kirefu chumbani kwa seremala na kudhani kwamba ni mtu anayependa kujitazama, mpaka siku anapomkuta amekisimamisha kati ya mapaja yake, akiukunja na kuukunjua mguu mzima huku akitazama taswira yake upande ambao mguu haupo. Tiba hii ya kioo ilianzishwa na mwanasayansi V. S. Ramachandran katika miaka ya 1990 kwa ajili ya maumivu ya kiungo kilichokatwa. Wapo inaowasaidia na wapo isiowasaidia, na mwandishi amekuwa mwaminifu kiasi cha kumfanya seremala aseme kwamba siku nyingine anapata nafuu na siku nyingine anaona mguu tu.

Niliisoma riwaya hii pamoja na wasomaji wenzangu saba, na hatukukubaliana. Mmoja alilalamika kwamba habari za jasho, soksi na ngozi iliyochubuka zinaua hamu ya mapenzi, kwamba msomaji wa riwaya za aina hii anataka kuota na si kusoma maelezo ya hospitali. Ninayaelewa malalamiko hayo, lakini siyakubali, kwa sababu wasomaji hao hao hawachoki kusoma jinsi shujaa anavyonyoa ndevu, anavyofunga vifungo vya shati au anavyotokwa jasho akipasua kuni. Mwili wa mwanamume umekuwa sehemu ya riwaya za mapenzi tangu zamani. Kilichowashtua hapa ni kwamba mwili wenyewe una kigutu. Mwingine alisema kwamba kitabu kinawahusu watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wenye ulemavu mkubwa ni bilioni 1.3, yaani mtu mmoja katika kila watu sita. Sisi tuliokuwa tukijadiliana tulikuwa wanane, na kati yetu wawili tuna ulemavu, kwa hiyo hesabu ilikuwa imeketi nasi chumbani.

Pingamizi lililonigusa zaidi lilitoka kwa msomaji aliyetaka seremala apone. Hakusema kwa ubaya. Alisema kwamba amempenda mhusika huyu kiasi cha kumtakia kila lililo jema, na kwamba alitarajia pengine teknolojia mpya ingempa mguu usiotofautiana na ule wa kuzaliwa. Matarajio hayo hayakuzuka hivi hivi; vitabu vimetulea nayo. Katika *Jane Eyre* ya Charlotte Brontë, iliyotoka mwaka 1847, Bwana Rochester anapoteza mkono mmoja na uwezo wa kuona katika moto, lakini kabla riwaya haijaisha jicho lake moja limerejewa na nuru kiasi cha kumwona mwanawe wa kwanza. Kwa upande mwingine, katika *Me Before You* ya Jojo Moyes, iliyotoka mwaka 2012, mwanamume aliyepooza mikono na miguu anapendwa kwa dhati na bado anachagua kwenda Uswisi kufa kwa kusaidiwa. Filamu yake ilipotoka mwaka 2016, watu wenye ulemavu walijitokeza kuipinga hadharani. Kuponywa au kufa: hiyo ndiyo milango miwili tuliyozoea kufunguliwa. Seremala wa riwaya hii anafungua mlango wa tatu, ambao ni kubaki kama alivyo, kuoa, na kubishana na mkewe kuhusu mahali pa kuweka kabati.

Hapa sina budi kusema kilichonisikitisha. Mwandishi amemwogopa shujaa wake. Katika kurasa zaidi ya mia tatu seremala hakasiriki bila sababu hata mara moja, hadanganyi, hana wivu, hasahau miadi, na anapokosewa katika ule mkasa wa barua anasamehe upesi mno. Mkutubi ana kasoro tele na kwa hiyo anapumua; seremala ni mwema kupita kiasi, na wema wa namna hiyo ni njia nyingine ya kumweka mtu mbali. Nadhani mwandishi alihofia kwamba hasira yoyote ingesomwa kama uchungu wa mtu aliyekatwa mguu. Hofu hiyo ninaielewa, lakini dawa yake ingekuwa kumpa hasira zisizohusiana na mguu hata kidogo, kama vile hasira ya fundi aliyeletewa mbao mbichi akaambiwa ni kavu.

Sura ya harusi imeharibiwa na hotuba. Mjomba wa bibi harusi anasimama na kumsifu bwana harusi kwa ushujaa wake wa kuishi, wageni wanapiga makofi, na mwandishi anaonekana kupiga makofi pamoja nao. Nilisubiri seremala aoneshe japo dalili ndogo ya kuchoshwa na sifa hizo, sikuiona. Sura ile inasikitisha zaidi kwa kuwa kabla yake kuna mazungumzo mazuri sana ya jamaa wakijadili, bila yeye kuwepo, kama mtu wa namna yake anaweza kuwa mume, na shangazi mmoja anawanyamazisha kwa kuuliza ni nani aliyewapa kura. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, katika ibara yake ya 23, unatamka haki ya kuoa na kuanzisha familia kwa ridhaa ya wahusika wenyewe. Shangazi yule hautaji mkataba wowote, lakini alichokisema ndicho hicho.

Kuhusu lugha nina mengi ya kusifu. Kiswahili chetu kimeliweka jina la kipofu, kiziwi, kiwete na kilema katika ngeli ya kisu na kiti, na ingawa tunasema kipofu amefika na si kipofu kimefika, baadhi yetu tunaoitwa kwa majina hayo tunakihisi kile kiambishi. Mwandishi amemwachia kila mhusika aseme kama watu wa rika lake wanavyosema, wazee kwa maneno ya zamani na vijana kwa maneno mapya, ila yeye msimulizi humwita seremala kwa jina lake au kwa kazi yake. Vilevile kuna mahali jirani anamwambia mkutubi, kwa nia njema, hujafa hujaumbika. Methali hiyo nimeambiwa mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na sikuwahi kuitafakari mpaka nilipomsoma mkutubi akijiuliza moyoni kwa nini methali inamtaka amwonee seremala woga wakati yeye anamwonea shauku.

Jalada ni aibu. Linamwonyesha mwanamume kuanzia kiunoni kwenda juu, kifua wazi, na hakuna alama yoyote inayomwambia mnunuzi kwamba kitabu kinamhusu mtu mwenye mguu mmoja. Kama wachapishaji wanauza hadithi hii, basi waiuze ilivyo. Herufi nazo ni ndogo, na hakuna toleo la kusikiliza, kasoro ambayo katika kitabu cha namna hii inauma zaidi. Ninakipa nyota nne kati ya tano, na nyota niliyoizuia naigawa nusu kwa hotuba ya harusi na nusu kwa hizo herufi.

Msomaji mwenzetu wa pili mwenye ulemavu haoni tangu kuzaliwa, kwa hiyo nilimsomea kitabu kizima kwa sauti, sura mbili mbili kila jioni. Ni yeye aliyewahi kuniambia kwamba hakumsamehe Rochester kwa lile jicho lililopona. Tulipofika sura ya tisa alinisimamisha na kuniomba nirudie aya ile ya karakana, nami nikadhani anataka kusikia tena habari za kigutu na soksi. Alitaka kusikia tena harufu ya maranda na mlio wa randa ukisimama mkutubi anapoingia, kwa sababu, alisema, hapo ndipo seremala alipoanza kupenda, na mimi kwa kuushughulikia mguu nilikuwa nimepapita.