Hedifoni za kiwango cha juu: ipi uanze nayo, ampu gani inaifaa na pesa isiende wapi

Mtu akishaamua kununua hedifoni kali, utakuta maswali yake yote ni ampu (kifaa cha kuipa hedifoni nguvu) gani, DAC (kifaa cha kugeuza muziki wa dijitali kuwa umeme wa sauti) gani, waya wa fedha au wa shaba, yaani anaanzia mkiani kabisa. Kiukweli kinachoamua sauti ni hedifoni yenyewe, na inaamua kwa kiasi kikubwa sana. Badilisha hedifoni, tofauti utaisikia hata kabla wimbo haujafika kiitikio. Badilisha DAC nzuri kwa DAC nyingine nzuri, volyumu ikiwa sawasawa na hujui ipi inapiga, hapo wengi wetu tunabaki kubahatisha tu. Kwahiyo mpangilio wangu wa matumizi ni huu: hedifoni kwanza na ichukue sehemu kubwa ya bajeti, kisha ikwalaiza (programu ya kupandisha au kushusha besi na sauti za juu) ambayo ni bure, kisha ampu kama hedifoni inaihitaji, DAC baada ya hapo, na waya ndo wa mwisho kabisa.

Kabla ya majina amua jambo moja, wazi au iliyofungwa. Hedifoni iliyo wazi nyuma inaachia hewa ipite nyuma ya draiva (kile kispika cha ndani), sauti inakuwa pana na ya asili zaidi, lakini kila aliye karibu anasikia unachosikiliza na wewe unasikia kila kinachoendelea chumbani. Kwa usafiri, ofisini au chumba mnacholala wawili, wazi haifai, usijidanganye kwamba utazoea. Ila kama una sehemu tulivu ya kukaa peke yako, nenda wazi bila kusita, na orodha yangu imejengwa juu ya hizo kwa sababu ndiko pesa yako inakopata sauti nyingi zaidi.

Namba 1 kwangu ni Sennheiser HD 600 au ndugu yake HD 650. Najua mtu atasema hizo ni za zamani, HD 600 imetoka 1997 na HD 650 ikafuata 2003, lakini mpaka leo bado ndo kipimo ambacho hedifoni nyingine zinalinganishwa nacho, na sababu yake ni moja: sauti ya mwanadamu. Muimbaji anasikika kama mtu kweli, gitaa lina mwili, violini haichomi. HD 650 ina joto kidogo kule chini, HD 600 imenyooka zaidi, na tofauti yenyewe ni ndogo, chagua yoyote. Jambo jingine ambalo watu hawalipi uzito wa kutosha ni kwamba karibu kila kipande unaweza kukibadilisha mwenyewe kwa mikono, pedi, waya, draiva, upinde wa juu, na vipuri vinapatikana, hedifoni ya namna hiyo unakaa nayo miaka na miaka. Na ni nyepesi, gramu 260. Udhaifu wake? Besi ya chini kabisa inapungua, ile ya kutikisa kifua hutaipata, na sauti haitawanyiki mbali, inakaa karibu na kichwa. Pia ikiwa mpya inabana kidogo, italegea. Kama muziki wako ni wa kielektroniki au hip hop nzito ruka uende namba 2.

Namba 2 ni HiFiMan za umbo la yai, Edition XS ukiwa na bajeti ya kawaida kwenye daraja hili au Arya ukiwa na zaidi. Hizi ni plana, maana yake badala ya koni ndogo yenye koili katikati kuna utando mwembamba sana wenye njia za umeme zilizotandazwa juu yake, na sumaku zinausukuma wote kwa pamoja. Matokeo yake besi inashuka mpaka chini kabisa bila kufifia, na kwa kuwa utando ni mpana sauti inakuwa kubwa na imekuzunguka. Ukitoka HD 600 ukaja hapa kitu cha kwanza unachosikia ni ukubwa, kama umetoka sebuleni ukaingia ukumbini. Ila ni nzito zaidi, Edition XS ina gramu 405, na vikombe vyake ni vikubwa kiasi kwamba mwenye uso mdogo pedi zinaweza kumfika mpaka taya na kuacha upenyo, na upenyo ukiwepo besi inaondoka. Lazima uivae kabla ya kununua.

Namba 3 ni Focal, Clear kwanza na Utopia kwa mwenye uwezo. Wafaransa hawa walikuwa watengenezaji wa spika kabla hawajagusa hedifoni kubwa, na inasikika, maana pigo la ngoma kwenye Focal lina nguvu ya ghafla ambayo plana nyingi hazina, fimbo inagonga kisha kimya. Utopia iliyotoka 2016 ina draiva ya beriliamu, madini mepesi na magumu sana, na kwa undani wa sauti ni chache zinazoigusa. Tena ni rahisi kusukuma, tutaliona hilo mbele. Kilichofanya niiweke ya 3 ni uzito (Utopia gramu 490) na kwamba sauti haiwi pana kama ungetarajia kwa hadhi yake.

Sennheiser HD 800 S naiweka namba 4 na najua kuna watakaonikasirikia. Kwa upana wa jukwaa, yaani sauti zinavyotawanyika kukuzunguka, sijui ya kuishinda kati ya hedifoni za kawaida, orkesta unaweza kunyooshea kidole kila chombo kilipo, na kwa wanaocheza gemu za kusikiliza nyayo za adui ni silaha. Draiva yake ya pete ya milimita 56 ilianza na HD 800 ya mwaka 2009, ile ya kwanza ilikuwa na kilele kikali (sehemu ya sauti inayoruka juu kuliko nyingine) kwenye sauti za juu, maeneo ya kilohezi 6, na S ikaja na kifyonzaji ndani cha kukituliza. Kimetulia, ila rekodi mbaya bado itakuumiza. Kama nusu ya muziki wako umerekodiwa kizembe au umebanwa kupita kiasi, utajikuta unasikiliza zile albamu chache zinazoendana na hedifoni badala ya zile unazozipenda, na hilo mi silikubali kwa kitu cha pesa nyingi namna hii.

Audeze LCD-X namba 5. Besi nzuri kuliko zote nilizotaja, na ikikaa na ikwalaiza inakuwa tofauti kabisa, wanaochanganya muziki wanaipenda kwa sababu hiyo. Gramu 612. Soma tena hiyo namba, alafu fikiria shingo yako baada ya masaa mawili.

Stax siiweki kwenye namba kwa sababu ni safari nyingine. Wajapani hawa walitoa hedifoni ya kwanza ya elektrostatiki mwaka 1960 na mpaka leo teknolojia ni ile ile, utando mwembamba kupindukia unaoning'inia kati ya nyavu mbili, ukiwa na chaji ya volti 580 kwenye mfumo wao wa sasa. Haiingii kwenye ampu ya kawaida hata plagi yake ni tofauti, ukiinunua unanunua na kifaa chake maalum. Sauti yake ni nyepesi na safi kwa namna ambayo ukiisikia hutaisahau. Lakini isiwe hedifoni yako ya kwanza.

Kwa wanaolazimika kuchukua iliyofungwa, angalia Focal Stellia au Dan Clark Audio Stealth. Basi, sina zaidi, iliyofungwa nzuri ni ngumu kutengeneza kwa sababu mwangwi wa ndani ya kikombe hauna pa kwenda.

Sasa tuje kwenye ampu, na hapa ndo watu wanapigwa. Utasikia "hedifoni ya ohm 300 inataka ampu kubwa" na "ya ohm 20 ni rahisi", kanuni hiyo ni nusu tu ya habari. Ukinzani, yaani zile ohm, unakuambia hedifoni inataka volti au inataka mkondo. Nguvu kiasi gani inatakiwa, hilo unaambiwa na usikivu, ile namba ya dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti). Zisome zote mbili kwa pamoja. Na kuna mtego: wengine wanaandika dB kwa miliwati 1, wengine dB kwa volti 1, na hizo hazilinganishwi moja kwa moja. Kwa hedifoni ya ohm 300 tofauti kati ya vipimo hivyo ni kama dB 5, kwa ya ohm 20 inafika dB 17, yaani mtu anaweza kukuonyesha namba kubwa ukadhani hedifoni yake ni rahisi kusukuma kumbe kabadili kipimo tu.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Kila ukiongeza dB 10 unahitaji nguvu mara 10, kila dB 3 ni mara 2. Tuseme unataka vilele vya dB 110, ambavyo ni vikubwa mno na utavigusa kwa sekunde tu muziki ukilipuka. Chukua LCD-X, ohm 20 na dB 103 kwa miliwati 1: inabaki dB 7, hiyo ni kama miliwati 5, volti 0.3 hivi. Adapta ndogo ya USB-C ya simu inayotoa karibu volti 1 inaitosha na kubaki. Sasa chukua HiFiMan Susvara, ohm 60 na dB 83: inabaki dB 27, hiyo ni miliwati 500, kama volti 5.5. Mara 100 ya nguvu ya mwenzake, na zote mbili ni plana za daraja la juu. Focal Clear na Utopia zenye dB 104 ziko upande wa LCD-X. Edition XS yenye ohm 18 na dB 92 iko katikati, inataka mkondo, ampu ndogo ya mezani yenye wati 1 inaimaliza kazi kabisa. HD 600 na HD 800 S zinataka volti, simu itazipa sauti lakini volyumu itakuwa juu kabisa na vilele vinaanza kukatwa, hapo ampu ya mezani inastahili. Ampu ndogo za Topping, Schiit au JDS Labs zinafanya hii kazi kwa usafi ambao sikio halina cha kulalamikia, na ukishapata nguvu ya kutosha, nguvu ya ziada haiongezi utamu wowote.

Kitu cha pili cha kuangalia kwenye ampu ni ukinzani wake wa kutokea, ule wa kwenye soketi inapochomekwa hedifoni. Uwe chini ya sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni, kwa hedifoni ya ohm 32 hiyo ni ohm 4 kushuka chini. Ukizidi, hedifoni za koili zinabadilika sauti kwa sababu ukinzani wake unapanda na kushuka kutegemea masafa. Plana haziguswi sana na hili maana ukinzani wake umenyooka. Na kuna wakati watu wanalitafuta makusudi, ampu za vali (zile taa za kioo za teknolojia ya zamani) zisizo na transfoma zina ukinzani mkubwa, zikikutana na HD 600 ambayo ukinzani wake unapanda sana maeneo ya hezi 100, besi ya juu inanenepa kidogo na inapendeza sana, mi naupenda mchanganyiko huo. Lakini ampu hiyo hiyo ukiichomeka LCD-X au Edition XS ni kosa, haina mkondo wa kuzipa.

DAC nitaenda haraka. CD ya kawaida, biti 16 na kilohezi 44.1, inabeba tofauti ya dB 96 kati ya kimya na kilele na masafa mpaka juu kidogo ya kilohezi 22, wakati sikio la kijana mwenye afya linaishia kama 20. DAC yoyote iliyotengenezwa kwa umakini inafika hapo. Chukua yenye viunganishi unavyohitaji na isiyo na mvumo, basi. Soketi za balansi (kila sikio lina nyaya zake mbili), iwe 4.4 mm au XLR ya pini 4, ni nzuri kwa sababu moja tu, kwenye ampu nyingi ndiko kunakotoka nguvu zaidi. Waya uwe laini, urefu unaokutosha, usigonge gonge nguo na kupeleka kelele sikioni. Mtu akikuambia waya wa fedha unafungua sauti za juu, mwombe akubadilishie bila wewe kuona.

Ikwalaiza nimeitaja juu na narudia kwa sababu wengi wanaidharau, wanaona kama ni kuchafua sauti. Hapana. Kwenye Windows kuna Equalizer APO, ni bure, na kuongeza dB 4 za besi chini ya hezi 100 au kushusha kilele cha kilohezi 6 kunabadilisha hedifoni kuliko ampu yoyote utakayoinunua. Ukipandisha sehemu yoyote shusha na volyumu ya jumla kwa kiasi hicho hicho, la sivyo inakata vilele.

Unapolinganisha vifaa sawazisha volyumu kwanza. Kifaa kilicho juu kwa dB 1 tu kitaonekana kina undani zaidi, na muuzaji anayejua hilo anaweza kukuuzia chochote. Pia usipime kwa sauti kubwa, dB 85 ni salama kwa masaa 8, na kila ukiongeza dB 3 muda unakatika nusu, ukifika dB 94 umebakiwa na saa moja.

Ukinunua iliyotumika, na kwenye daraja hili ni njia nzuri sana, kitu cha kwanza cheza wimbo wa mono, yaani sauti ile ile pande zote mbili, muimbaji akae katikati kabisa, akiegemea upande mmoja draiva moja imechoka au pedi zimekaa vibaya. Kisha piga sauti moja inayopanda taratibu kutoka hezi 20 mpaka 20,000 kwa volyumu ya chini, sikiliza mkwaruzo hasa chini ya hezi 100, mara nyingi huo ni unywele ulioingia kwenye draiva na unatoka, lakini kwenye plana unaweza kuwa utando umepinda na huo hautoki. Chomeka na chomoa waya kila upande, ukizungusha zungusha plagi sauti isikatike. Pedi zikiwa zimebonyea usiogope, zinabadilishwa, ila ujue sauti unayoisikia hapo sio yenyewe kamili, pedi bapa zinasogeza sikio karibu na draiva na sauti inabadilika, kwahiyo weka gharama ya pedi mpya kwenye mahesabu kabla hamjakubaliana bei.