Nungwi au Paje?

Kabla hujalipia hoteli ya kifahari Unguja, uliza habari za bahari kwanza, kitanda baadaye. Paje, pwani ya mashariki, maji yakipwa yanapwa kweli: ngalawa zimelala mchangani, akina mama wako kwenye mashamba yao ya mwani, na wewe na nguo yako ya kuogelea mnasubiri saa kadhaa yajae. Nungwi, kaskazini, maji hayaendi mbali. Unaogelea karibu wakati wowote, na jioni jua linazama baharini mbele yako. Ila usiku kuna muziki. Mpenda kuteleza majini kwa tiara aende Paje, msimu wa kusi au kaskazi. Fungate? Mimi Nungwi, bila kufikiri mara mbili.