Kibali cha maegesho kwa mwenye maumivu sugu: uzoefu wangu Malindi

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu anayeishi na maumivu yasiyoonekana, ambaye pengine ameshaambiwa kwamba nafasi za kuegesha magari ya walemavu hazimhusu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Malindi. Tangu mwaka 2019 diski iliyo kati ya pingili ya 4 na ya 5 ya kiuno changu imekuwa ikibana neva, na maumivu hushuka kutoka nyongani hadi kwenye kisigino cha mguu wa kushoto. Nimepigwa picha, nimetumia dawa, nimefanya mazoezi ya viungo kwa miezi mingi, na maumivu yamebaki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa magonjwa ulioanza kutumika mwaka 2022, huyaita maumivu kuwa sugu yakidumu au yakijirudia kwa zaidi ya miezi 3. Yangu yalivuka mpaka huo zamani.

Gari ninalo, dogo, la otomatiki, na hilo ndilo jambo ambalo watu wengi hawalielewi: huuliza iweje mtu aweze kuendesha gari na asiweze kutembea kutoka benki hadi sokoni. Katika gari la otomatiki mguu wa kushoto hauna kazi. Nikiketi na mto mdogo nyuma ya kiuno naweza kuendesha kwa nusu saa bila taabu kubwa, lakini kutembea mita 200 juani, kisha kusimama kwenye foleni, hunigharimu siku nzima inayofuata. Tena si umbali peke yake. Ili nishuke lazima niufungue mlango hadi mwisho, nigeuke na miguu yote miwili kwa pamoja, nishike ukingo wa paa la gari, ndipo nijiinue taratibu. Katika viwango vinavyofuatwa katika nchi nyingi, nafasi ya kawaida ya gari huwa na upana wa mita 2.4 hivi, na ya walemavu hufika mita 3.6. Wengi hudhani upana huo ni wa kiti cha magurudumu tu. Mimi nikiegesha katikati ya magari mawili kwenye nafasi ya kawaida, mara nyingine nimelazimika kubaki ndani hadi mwenye gari la pembeni arudi.

Kibali chenyewe cha kuegesha katika nafasi hizo hakiombwi peke yake. Kwanza ni lazima mtu afanyiwe tathmini katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa, kisha asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na kupewa kadi, na ndipo aombe kibali cha gari. Kwa hiyo uzito wote wa safari uko pale hospitalini, na pale ndipo mimi nilipokwama.

Hospitali ya kwanza niliyokwenda sitaitaja. Nilisubiri tangu saa mbili asubuhi, na zamu yangu ilipofika daktari alinitazama nikitoka mlangoni hadi kwenye kiti, hatua nane au tisa. Akaniambia, "Mwalimu, mbona watembea vizuri? Maumivu ni ugonjwa, si ulemavu." Nilijaribu kumweleza namna yanavyochoma, yanavyoninyima usingizi, nikaona kalamu yake imeshawekwa chini. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeumia moyo kuliko mgongo, na kwa miezi minne sikugusa jambo hilo tena.

Kilichonirudisha ni Katiba yetu ya mwaka 2010. Kifungu cha 260, kinapoeleza maana ya ulemavu, hakiishii kwenye viungo, macho na masikio. Kinataja pia hali au ugonjwa wenye athari kubwa au za muda mrefu kwa uwezo wa mtu kufanya shughuli zake za kawaida za kila siku. Nilikisoma mara tatu. Hakiulizi mtu anaumwa kiasi gani, kinauliza anashindwa kufanya nini. Nikagundua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeeleza vibaya. Nilimweleza daktari maumivu, ambayo hakuna awezaye kuyaona, badala ya kumweleza hatua na dakika, ambazo zinahesabika.

Basi nilichukua daftari la mwanafunzi la kurasa 48 na kuandika kwa wiki sita. Jumatatu: langoni hadi darasa la 6, hatua 140, nimesimama kupumzika mara 2. Jumatano: foleni ya benki, dakika 6, mguu umekufa ganzi, nimeketi sakafuni. Alhamisi: nafuu, nimekwenda dukani na kurudi bila kusimama. Ijumaa: sikuinuka kitandani hadi saa tano. Naomba msomaji aitazame hiyo Alhamisi, kwa sababu nilitamani sana kuifuta. Niliogopa kwamba siku ya nafuu ingenifanya nionekane mwongo. Niliiacha, na nina hakika ndiyo iliyofanya daftari lote liaminike, kwani ilionyesha wazi kwamba kila nafuu ililipiwa kesho yake.

Katika hospitali ya pili walikuwapo watu watatu. Nilikabidhi picha za mgongo, barua ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo na daftari. Daktari mmoja, mama wa makamo, alilifungua katikati, akasoma kimya kurasa kadhaa, kisha akauliza, "Ngazi je, mwalimu? Unapanda ngapi?" Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeulizwa swali lenye jibu. Waliniomba nitembee ukumbini kwenda na kurudi hadi nishindwe, na nilishindwa mbele yao, jambo lisilopendeza lakini la haki. Ripoti iliandikwa siku hiyo hiyo.

Yaliyofuata yalikuwa mepesi. Maombi ya usajili niliyatuma kwa mtandao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nikiambatisha ripoti, kitambulisho na picha, na kwa ajili ya kibali nikapeleka nakala za leseni yangu ya udereva na hati ya umiliki wa gari. Anayelazimika kwenda Kilifi mjini kwa shughuli hizi ajue kwamba ni takriban kilomita 60 kutoka hapa, na matatu husimama mara nyingi. Mimi nilishuka njiani, Gede, kunyoosha mgongo na kupanda nyingine. Kwa walioajiriwa, kadi ya Baraza pia humwezesha mtu kuomba msamaha wa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa kila mwezi, na mimi nilijua hilo baadaye sana kuliko nilivyostahili.

Kibali ninacho kwa mwaka mmoja sasa, na kimebadilisha maisha yangu. Naenda sokoni Jumamosi na narudi nikiwa bado na nguvu za kupika. Kilichobaki ni macho ya watu. Mlinzi mmoja wa duka kubwa alinijia nikishuka, akasema kwa adabu, "Samahani mama, hapa ni pa walemavu." Nilimwonyesha kibali kwenye kioo cha mbele. Alikitazama, akanitazama miguu, akakitazama tena, kisha akasogeza toroli lililokuwa limezuia mlango wangu. Siku hizi akiona gari langu huliondoa mapema.

Daftari haliko kwangu kwa sasa. Jirani yangu ana kijana wa miaka 19 mwenye siko seli, naye ameliazima aone nilivyopanga kurasa, ili waanze la kwao kabla ya tathmini ya mwezi ujao.