Mgahawa u hai, ramani imeuzika: uzoefu wangu na ramani ya Google kwenye simu

Nianze na nyota. Nilitaka kutoa 1. Nimepoa kidogo, natoa 3, lakini someni mpaka mwisho, maana hata hizo 3 zinanikaa vibaya rohoni.

Nina mgahawa mdogo wa urojo na biriani Mji Mkongwe, ndani ndani huko kati ya Mkunazini na Sokomuhogo, kwenye ujia ambao mkikutana na mkokoteni lazima mmoja arudi nyuma. Mlangoni hapana jina la mtaa wala nambari ya nyumba. Kwa biashara ya namna hii, ramani ndiyo kibao chetu cha barabarani. Mgeni asipokuwa nayo huangukia kwa papasi, wale wanaovizia wageni njiani na kuwaongoza, na papasi ana mkahawa wake wa kumpeleka apate kamisheni. Kwa hiyo siandiki kama mtu anayeidharau ramani. Naitegemea, na ndiyo maana nimeumia.

Ramadhani iliyopita, mwezi umefika nusu, wageni wa usiku walikatika ghafla. Nikaazima simu ya jirani, nikatafuta jina la mgahawa kama atakavyotafuta mgeni. Chini ya jina, maandishi mekundu: imefungwa kabisa. Sufuria ya urojo ipo motoni, bajia zinatolewa mafutani, na simu inaitangazia dunia kwamba sisi tumekwisha!

Chanzo chake ni hiki, na kinaweza kumpata yeyote mwenye biashara visiwani. Mchana wa Ramadhani tunafunga, tunafungua ikishaingia magharibi. Lakini kwenye ramani saa zilikuwa zile za kawaida, kwa hiyo adhuhuri ilikuwa ikionyesha tupo wazi. Mgeni anakuja na jua la kichwani, anakuta mlango umekazwa komeo. Anabonyeza pale pa kupendekeza mabadiliko. Badala ya kuchagua kwamba saa si sahihi, anachagua kwamba pamefungwa moja kwa moja. Wakifanya hivyo wawili watatu, mfumo unaweza kuyapitisha bila kumngoja mwenye mali. Taarifa ililetwa kwa barua pepe, ikatupwa kwenye kikasha cha matangazo.

Kosa la saa ni langu, nalikubali. Ninalolikataa ni hili: kutufunga, wapita njia wawili watatu wasiojulikana walitosha kwa kidole tu. Kutufungua, mimi niliyelipia leseni nikadaiwa ushahidi. Nilipoandika kwa wahudumu wao nikajibiwa kwa maneno yale yale ya kunakiliwa mara tatu, "asante kwa uvumilivu wako", na kila jibu likiomba kitu ambacho jibu la kabla lilikuwa limeshakipokea. Picha ya leseni. Picha ya kibao. Halafu video. Hakuna aliyeuliza kwamba hao waliosema tumefungwa waliona nini.

Video yenyewe ina masharti yake, na wengi wanakwama hapo. Irekodiwe mfululizo bila kukatwa, isipungue sekunde 30, na ionyeshe mambo matatu: mahali ulipo, biashara yenyewe, na kwamba wewe ndiye mwenyewe. Anzeni nje, kwenye kona yenye duka au msikiti unaojulikana. Ingieni ujiani bila kuzima, onyesheni kibao, fungueni mlango kwa ufunguo wenu, nendeni mpaka jikoni au kwenye mashine ya risiti, malizieni na leseni iliyotundikwa ukutani. Nyuso za wateja zisiingie. Ndani ya vichochoro mtandao ni dhaifu, na video ikikatika njiani unaanza upya, kwa hiyo tafuteni kwanza pahala penye Wi-Fi ya uhakika karibu na duka. Jibu husubiriwa siku kadhaa za kazi.

Saa sasa. Hapa Waswahili tunajiponza wenyewe. Fomu inataka saa za kizungu. Saa moja usiku ni 19:00, si 1 wala 13:00. Nimeona maduka hapa mjini yamejaza "1" kwa kudhani ni saa moja, na mgeni anakuja saa saba mchana akidhani ameambiwa hivyo. Kwa Ramadhani, badilisheni saa za kawaida za mwezi mzima usiku mwezi unapoandama, kwa sababu saa maalumu hujazwa tarehe moja moja na utachoka. Hizo maalumu ziwekeni kwa siku za sikukuu, ambapo mji wote unahamia viwanja vya Mnazi Mmoja. Mwezi wenyewe husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo tarehe za mwaka jana hazikufai mwaka huu.

Halafu ile alama ya mahali. Msiiweke mkiwa mmesimama mlangoni. Kuta za mawe za ghorofa tatu hurudisha mawimbi ya setilaiti, na kile kidoa cha buluu kitaruka ujia wa pili huku ukikiangalia. Wekeni kwa picha ya angani: tafuteni mnara au uwanja mnaoujua, hesabuni mapaa ya mabati mpaka lenu. Na msiiweke katikati ya paa. Ramani humpeleka mtu kwenye njia iliyo karibu zaidi na alama, na nyumba zetu nyingi zina mgongo ujia mmoja na mlango ujia mwengine. Wekeni kizingitini. Mkiandika mahali kwa nambari za latitudo na longitudo, wekeni tarakimu 5 baada ya nukta, ambayo ni usahihi wa kama mita 1. Tarakimu 4 ni mita 11, na mita 11 Mji Mkongwe ni mtaa wa watu wengine. Latitudo yetu, ile ya kusini au kaskazini ya ikweta, ni -6.16 na kidogo. Alama ya kutoa ikisahaulika, duka linavuka ikweta na kutua Ethiopia.

Jina liwe lile lililo kwenye kibao tu. Ukiongeza "urojo bora Zanzibar" ukurasa unaweza kusimamishwa. Simu ianze na +255 bila ile sifuri.

Nimejaza pia OpenStreetMap, ambayo ni bure na yeyote anaweza kuihariri, kwa sababu wageni wengi hupakua ramani zinazotumia data yake wasitumie bando. Huko mabadiliko huonekana ndani ya dakika chache, ingawa programu zilizopakuliwa huchelewa mpaka data yake isasishwe. Watu waliifanyia kazi kubwa hii nchi: tangu 2016 mradi wa Zanzibar Mapping Initiative ulipiga picha visiwa vyote kwa droni, vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) wakiwemo. Picha tunazo. Kinachokosekana ni heshima kwa mwenye duka.

Haya, ukurasa wangu ulirudi, ila Idi ilikuwa imeshapita, na mapato ya usiku wa Ramadhani hayarudi. Hata hivyo, wiki ya kwanza baada ya kurudi, meza zilijaa tena bila shilingi ya tangazo. Hilo siwezi kulikana. Ndiyo zikaja zile nyota 3.

Kabla ya kutuma haya nimefungua ukurasa kuhakikisha saa. Kuna pendekezo jipya linasubiri, la mtu asiye na jina wala picha: hapa hapana mgahawa. Nimelikataa. Ramani ikaniuliza: nina uhakika?

Nyota 1.