Uzoefu wangu: Kwa baiskeli juu ya tuta la treni ya umeme, Illinois Prairie Path

Misimu miwili sasa napita njia hii asubuhi nikitoka zamu ya usiku, kati ya Villa Park na Wheaton, magharibi ya Chicago. Jumamosi iliyopita ndipo nilipoifuata hadi Elgin.

Utakachokipenda kwanza ni kwamba haina mlima. Barabara za magari zinapanda na kushuka, wewe uko juu ya tuta unakwenda sawa tu. Tuta hilo lilijengwa kwa ajili ya reli ya Chicago Aurora and Elgin, treni ya umeme iliyoanza kazi Agosti 1902. Sehemu kubwa ya safari umeme wake, volti 600, haukupita kwenye nyaya za juu. Ulipita chini, kwenye reli ya tatu pembeni mwa mataruma, na penye makutano na barabara reli hiyo ilikatwa ili watu wavuke salama.

Kinachonigusa zaidi ni jinsi treni hii ilivyokufa. Abiria wake walikuwa wafanyakazi, wakifika katikati ya Chicago bila kubadili treni. Mwaka 1953 ujenzi wa barabara kuu, ile inayoitwa Eisenhower leo, ukaichukua njia waliyoingilia mjini. Treni zikaanza kuishia Forest Park, kitongoji nje kidogo ya Chicago, hapo ushuke, upande nyingine. Watu wakachoka, wengi wakahamia magari yao na treni nyingine. Kisha ikaja tarehe 3 Julai 1957: muda mfupi baada ya saa 6 mchana, huduma ya abiria ikasimamishwa papo hapo. Aliyekwenda kazini na treni asubuhi, jioni hakuikuta ya kumrudisha. Nimewahi kusubiri basi la mwisho ambalo halikuja, kwa hiyo kila nikipita stesheni ya zamani ya Villa Park, ambayo sasa ni makumbusho ya mji, nawakumbuka watu wale.

Mizigo iliendelea hadi 1959, kisha kimya. Mwaka 1963 mama mmoja mtaalamu wa mimea, May Theilgaard Watts, aliyekuwa akifundisha Morton Arboretum, bustani ya miti, aliandika barua kwa gazeti la Chicago Tribune. Alikuwa amezipenda njia za miguu za Uingereza, akaomba tuta hili nalo liwe njia ya watu kabla tingatinga hazijalifikia. Wenyeji wakamuunga mkono, wakajitolea kulisafisha kwa mikono yao. Hii ni kati ya njia za kwanza kabisa Marekani kutengenezwa juu ya reli iliyoachwa. Leo ukijumlisha matawi yote ni kama kilomita 100. Namshukuru mama huyu kwa dhati, maana bila barua ile mimi ningekuwa napigania nafasi na malori.

Kwa anayetaka kwenda: sehemu kubwa ni kokoto za chokaa zilizosagwa, zikilowa mvua zinashika tairi. Fundi aliyeniuzia baiskeli kuukuu aliniambia tairi nyembamba zitafaa. Hazikufaa, nilipata pancha mbili kabla ya Wheaton. Weka tairi pana, beba pampu, na maji ya kutosha. Wheaton ndipo njia inapogawanyika, tawi moja Aurora, jingine Elgin. Chukua la Elgin kama huna haraka: ukitoka mjini tu unaingia kinamasi cha Lincoln Marsh, na pale nilisimama bila kupanga, ndege ni wengi mno.

Ukifika mto Fox, shuka kidogo kusini hadi South Elgin. Kwenye makumbusho ya treni za umeme wamehifadhi behewa namba 20 la reli hii hii, la mwaka 1902. Mimi nilichelewa, nikakuta wamefunga. Nitarudi na wanangu, walione.