TAHADHARI: huyu muuza "kompresa kimya" za eabrashi hapa Tanga kaniliza laki mbili na sitini, msiingie

Jamani siku nne hizi nimekuwa kimya mkadhani naumwa. Siumwi, nilikuwa naona aibu. Ila jana usiku kijana wetu mmoja wa Pongwe kanitumia picha ananiuliza "braza hii vipi, niichukue?" Naifungua, moyo ukanilipuka. Ni ileile kompresa, pampu ya kubana upepo wa eabrashi, kile kikalamu cha kupulizia rangi! Bluu ileile, stika ileile, mpaka kile kitambaa cha maua alichokitandika chini wakati wa kupiga picha ni kilekile. Kumbe mtu kaniliza mie Ijumaa, Jumanne anatega mwengine. Basi aibu yangu ikae pembeni, nasema.

Kisa chenyewe ni kile kibasi cha mfano ninachompakia rangi yule bwana wa Korogwe. Nilibakiza mistari ya ubavuni na maandishi, na gereji nisingeweza kurudi tena kuomba upepo. Na nyumba yenyewe ya kupanga, tuko familia tano uani, pampu ya kelele ukiiwasha saa mbili usiku unagombana na watu. Kwa hiyo mtu akikwambia ana kompresa ya eabrashi isiyopiga kelele, yenye tangi la lita 3, regyuleta ya kupunguzia na kuongezea presha, kichujio cha maji na mpira wake, unamsikiliza. Mngemsikiliza hata nyie.

Na huyu sio mtu wa kukurupuka. Nilivyomtafuta mara ya kwanza hakuniambia bei, aliniuliza kwanza. Eabrashi yako ya kubonyeza tu au ya kubonyeza na kuvuta? Nikamwambia ya kubonyeza na kuvuta. Sindano saizi gani? Nikamwambia milimita 0.3. Akanitumia voisi, sauti ya upole kabisa, lafudhi ya hapahapa Tanga: "Kaka, kwa 0.3 mistari myembamba hutakiwi kuzidi presha ya 15 mpaka 20 psi, ukitandika rangi ya chini nenda 25, ukizidisha hapo rangi inakukaukia njiani inatua kama vumbi." Sasa jamani mtu anayesema hivyo mnamwonaje? Maana ni kweli! Ndivyo ilivyo! Hakuna muuzaji hata mmoja mjini hapa aliyewahi kuniambia neno la psi, wote ukiwauliza wanakwambia "inajaza mpaka tairi la lori". Huyu kazi anaijua, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, ujuzi anao na ameamua kuutumia kuibia watu.

Tukapatana Ijumaa baada ya sala, karibu na uwanja wa Mkwakwani, kwenye kibanda cha kuchajia simu kwa sababu pale kuna soketi. Kaja na kanzu yake nyeupe, katoka msikitini moja kwa moja, kanisalimia vizuri, kaniuliza hali ya nyumbani, kamwamkia na yule mzee mwenye kibanda shikamoo kwa heshima zote. Boksi limefungwa na gundi ya karatasi, ndani kuna yale maboya meupe, kila kitu kinanukia upya. Nilikuwa na eabrashi yangu kwenye begi. Nikaitoa, nikamwambia tuiunge hapahapa nione. Akaishika mkono wangu taratibu, akaniambia "usiifungue hapa kaka, vumbi hili na hiyo nozo ya 0.3, chembe moja tu imeziba, utakuja kunilaumu bure. Fitingi zake ni za saizi zote, ukifika nyumbani unaunga kwa mkono tu." Nikairudisha begini. Nikaona mwenzangu ananionea huruma kuliko ninavyojionea mwenyewe.

Akachomeka. Ikawaka, na kweli kimya, inanguruma chini kwa chini kama friji. (Kama friji! Maneno hayo niliyatamka kwa mdomo wangu pale, yeye akacheka akasema "ndio sifa yake.") Mshale wa geji ya presha ulikuwa kwenye 30. Akafungua koki, upepo ukanipiga kiganjani, wa nguvu, mkavu. Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri maana nimeicheza hii picha kichwani usiku mzima siku nne: koki imefunguliwa, upepo unatoka, mimi macho yangu yako kwenye geji, na mshale HAUTIKISIKI. Uko palepale 30. Akafunga koki, 30. Akafungua tena, 30. Akaniambia "unaona ilivyotulia? Hiyo ndiyo regyuleta, za Mchina wa bei rahisi ungeona mshale unacheza kama mlevi." Na mimi nikatikisa kichwa, wallahi nikatikisa kichwa, nikamwambia kweli hii imetulia. Mtu miaka sita nashika eabrashi! Geji nzima ukifungua upepo mshale lazima ushuke kidogo, ukifunga upande, kila mtu anajua, mie mwenyewe najua, na nimesimama pale nasifia geji iliyokufa.

Nikamrushia laki mbili na sitini hapohapo kwenye simu. Laki na nusu ilikuwa ya mchezo wa mama watoto, zamu yake ilikuwa imefika wiki ile, akanipa mwenyewe kwa moyo mmoja akasema kamalize kazi ya watu. Siongezi neno hapo.

Nyumbani usiku nafungua mpira, nati yake haiingii kwenye eabrashi. Yangu ina uzi ule wa kawaida wa moja ya nane ya inchi, BSP (kipimo cha nyuzi cha Kiingereza), ambao eabrashi nyingi ndio huohuo, na kwenye tangi mara nyingi panakuwa robo inchi, ndio maana huwa tunatumia adapta ya robo kwenda moja ya nane. Huyu kaweka kitu kinaingia mzunguko mmoja na nusu kisha kinagoma. Nahisi ilikuwa ya NPT, kipimo cha Kimarekani, maana hizo mbili zinafanana kwa macho, moja ya nane ya BSP ina meno 28 kwa inchi, ya NPT ina 27, kwa hiyo inakudanganya mwanzo inashika halafu inabana. Nikampigia. Akapokea! Akasema "ongeza nguvu kidogo kaka, ni mpya hiyo, weka tredi tepu." Nikaweka tredi tepu, nikakaza kwa spana. Na najua pale hapawekwi tepu, nati ya mpira wa eabrashi inabanwa na washa yake ya ndani, unakaza kwa vidole inatosha. Nilishajua nikafanya, kwa kuwa nilishatoa hela na sikutaka iwe kweli. Uzi wa eabrashi yangu umelika, mtaona kwenye picha.

Jumamosi asubuhi nikawasha. Mwanangu wa miaka minne kakaa kwenye mkeka pembeni yangu, anapenda kuangalia. Mstari wa kwanza ukatoka mzuri, nikafurahi. Wa pili, katikati ya ubavu, rangi ikaanza kukimbia yenyewe, inaacha vitundu vya duara kama imemwagiwa mafuta. Nikadhani ni maji, maana na joto la Tanga hili na unyevu wa pwani upepo ukibanwa ukapoa lazima utoe maji, nikakimbilia kufungua kichujio nimwage. Kikavu. Na ndani hamna kitu! Kikombe cha plastiki kitupu, hakuna chujio, hata ile koki ya chini ya kumwagia maji ni ya kuchora, haifunguki. Nikapitisha kidole, mafuta. Narudi kukaa, nazungusha regyuleta nipunguze, inazunguka tu kama kifuniko cha chupa kilicholika. Mshale 30. Mara paaa, mpira ukachomoka kwenye tangi, ukarudi kama mjeledi ukanipiga shavuni, kibasi chini, mtoto analia. Hakuumia, alhamdulillah. Alikuwa kakaa upande wa kushoto. Upande wa kulia ndio mpira ulipopitia.

Nikaibeba mpaka kwa fundi friji wa mtaani kwetu Makorora. Hakuhitaji hata kufungua, alivyoinua tu boksi akasema "hii pampu ya friji hii, na ya zamani." Tukavua kava. Pampu ya friji kweli, imepakwa rangi. Na "tangi" ni mtungi wa gesi ya friji, ile mitungi ya kutumia mara moja ukiisha unatupwa, katoboa kachomelea nipo ya kuungia mpira, kapaka bluu. Ile mitungi haikutengenezwa kujazwa tena, bati lake jembamba, na ukiingiza upepo wenye maji unaanza kuoza kwa ndani usione. Valvu ya usalama hakuna. Swichi ya kuzima pampu presha ikijaa hakuna. Fundi akaunga geji zake zile za kujazia gesi akawasha, akaniambia nisogee mlangoni. Hata dakika mbili hazikufika mshale wake umepita 150 na unapanda, akachomoa waya. Ile geji yangu bado inasema 30. Akaing'oa, akabandua kioo, mshale umegandishwa kwa gundi. Kwa gundi jamani! Sio geji mbovu, ni mtu kakaa chini, kafungua kioo, kaweka tone la gundi, kasubiri likauke, kafunga. Akijua kabisa kuna mtu ataiweka chumbani kwake. Fundi akaniuliza "ulikuwa unawasha hii ndani?" Nikashindwa kumjibu.

Sikatai, wapo mafundi wanaotengeneza kompresa kwa pampu ya friji na zinafanya kazi vizuri, ndio maana ziko kimya. Lakini wanaweka tangi la maana, swichi, valvu, kichujio cha kushika mafuta, na wanakwambia wazi hii ni ya friji. Huyu kaniuzia "mpya kutoka nje".

Tangu hapo nimempigia mara kumi na tisa. Ya kwanza alipokea akasema nimeiharibu kwa kukaza na spana, haruhusu kurudisha. Zilizobaki hapokei, na sasa kaniblok. Huyu mtu afungwe. Sisemi kwa hasira, nasema kabisa, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu na kifungo chake kinafika miaka 7, apewe yote saba. Tena hili langu mie naona si utapeli wa hela tu, ni kuuzia watu bomu. Kanzu ile aivue, asiwaharibie wengine. Akikamatwa alipishwe hela ya kila mtu, na kile kiwanda chake cha uani kivunjwe mbele ya macho yake, na mwenye kujua anapokaa akanyamaza naye hatendi haki. Nimeshaandikisha kituoni, RB, ile namba ya taarifa ya polisi, ninayo.

Mtakaoniuliza dalili ni zipi: geji, fungueni upepo muangalie mshale unashuka au haushuki. Stika, yake imekosewa herufi, hilo nililiona nyumbani. Vuteni ile pete ya valvu ya usalama, isipokuwepo ondokeni. Nendeni na eabrashi na muiunge palepale, akikataa kwa sababu yoyote ile hata akisema vumbi, ondokeni. Iwasheni muiache mpaka ijizime yenyewe, isipojizima ndio hiyohiyo. Na uzito, fundi alisema uzito lakini sikumuuliza vizuri, nilikuwa nawaza mengine. Namba yake anabadilisha badilisha kwa hiyo msiangalie namba, angalieni kitambaa cha maua.

Kijana wa Pongwe bado anaongea naye, nimemwambia asimshtue, amwambie atachukua Ijumaa hii palepale Mkwakwani. Mimi nitakuwepo, na fundi friji kasema atafunga kibanda aje, na askari aliyeniandikia RB nimeshampa taarifa. Mtungi na geji yenye gundi nimevifunga kwenye kiroba vipo uvunguni, havitoki mpaka siku hiyo. Kama kuna mwengine humu kauziwa, usiiwashe tena, nitumie picha yake kabla ya Alhamisi jioni tuje nazo zote pamoja.