Moto ama baridi? Bia nilizoonja Kisumu na ile ninayoirudia

Ukiagiza bia Kisumu, kabla mhudumu hajageuka atakuuliza, "Moto ama baridi?" Moto ni ile iliyokaa kwenye kreti bila kuingia friji. Mimi husema moto. Nikiwa Molo au Mau Narok, huko shayiri inakolimwa na jioni watu hukaa na makoti, hakuna anayeshangaa. Hapa kando ya ziwa, kwa joto hili, mhudumu hurudia swali kuhakikisha amesikia vizuri.

Nina sababu yangu, na mwezi uliopita niliipima. Mpwa wangu alikuja kutoka Nairobi na chupa tatu za krafti, yaani bia za viwanda vidogo vinavyopika kwa mitungi michache: moja ya ngano, moja ya "pale ale" (bia ya rangi ya shaba yenye uchungu), moja stauti, ile bia nyeusi. Jumamosi aliyofika, shemeji naye akavuka kutoka Busia na Nile Special, bia ya Uganda. Nikaongeza Tusker na Guinness kutoka duka la hapa mtaani Migosi, tukakaa nje chini ya mwembe.

Kabla ya chupa, nieleze ulimi wangu ulifundishwa wapi. Nimekulia upande wa Butere, na nyanya yangu alikuwa mpishi wa busaa. Unga wa mahindi ulilowekwa siku kadhaa mpaka uchachuke, kisha ukakaangwa kwenye bati pana juu ya moto wa kuni. Kazi hiyo haikutaka haraka. Alikuwa na koleo la mpini mrefu, anageuza na kupondaponda mabonge, moshi unamtoa machozi, mpaka unga ubadilike rangi kuwa kahawia na harufu yake iwe kama bisi zilizoungua kidogo. Sisi watoto tulingoja vipande vilivyogandia bati. Vilikuwa vikavu, vyenye ukakasi na utamu pamoja. Ukishapoa ulitiwa majini pamoja na kimea cha wimbi, na baada ya siku chache kilio cha povu kilisikika ndani ya mtungi ukiweka sikio. Wazee walipokaa na mirija yao mirefu, ile tunayoita oluseke, mtu alikuwa akiongeza maji moto ndani ya chungu. Bia ya kwetu ilinyweka ikiwa na uvuguvugu, na nafaka uliionja mpaka tone la mwisho.

Kwa hiyo bia ikinipita kooni bila ladha ya nafaka, naona nimeibiwa.

Tusker sitaisema vibaya. Ina asilimia 4.2 ya kileo, ni nyepesi, inafaa na samaki wa kukaanga kando ya ziwa jua likiwa kali. Lakini ukiinywa moto, utamu wake unajitokeza haraka na kuisha haraka. Ni lager, na lager huchachushwa kwa ubaridi na kutulizwa kwa wiki kadhaa ili itoke safi. Usafi ndio sifa yake, na ndio unaoniacha nikitafuta kitu. Nile Special ya Jinja ina mwili zaidi, asilimia 5.6. Shemeji huapa kwayo, na nakubaliana naye kwamba kwa nyama choma iko mbele ya Tusker. Chupa mbili tu, lakini, na kichwa kinaanza kuwa kizito.

Sasa krafti. Tulianza na ya ngano. Mpwa alimimina nusu, akazungusha chupa taratibu ili mashapo ya hamira yainuke, ndipo akamalizia. Kwenye gilasi ilikuwa na ukungu, rangi ya uji wa mahindi mchanga, na povu zito. Shemeji akanusa, akauliza ni nani amemenya ndizi. Kweli kabisa, ilinukia ndizi mbivu na karafuu kwa mbali. Hakuna aliyetia ndizi wala karafuu humo. Harufu hiyo hutolewa na hamira yenyewe, aina inayotumika tangu zamani kwa bia za ngano kule Bavaria, Ujerumani. Nilipenda sana. Ndiyo pekee kati ya zote iliyonikumbusha chungu, kwa sababu haikuchujwa mpaka ikabaki maji.

Pale ale ilinisumbua. Mpwa alikuwa ameitia kwenye barafu, na mafunda ya kwanza niliona uchungu tu, kama nimetafuna mwarobaini. Nikaiweka kando, nikaendelea na mazungumzo. Baada ya nusu saa hivi nikairudia. "Mjomba, hiyo si imeshapata moto?" akaniuliza. Nikamwambia anywe yeye mwenyewe. Uchungu ulikuwepo bado, lakini nyuma yake kulikuwa na maganda ya chungwa, na chini kabisa ladha ya mkate uliookwa vizuri. Ubaridi mkali huzima ulimi na kufungia harufu. Uchungu pekee ndio unaopenya. Ale huchachushwa kwenye joto kuliko lager, na harufu hizo ndizo faida yake. Kuigandisha ni kulipia ladha halafu kuifungia mlango. Na bei yenyewe si ndogo, karibu mara mbili ya Tusker.

Stauti ya krafti ilikuwa nzuri, kahawa na kakao, lakini tulipoiweka kando ya Guinness yenye asilimia 6.5 sikuona kilichozidi. Guinness moto, jioni ya mvua, inanitosha.

Tahadhari kwa atakayenunua krafti mjini: nilipotaka kurudia pale ale ile, nilipata chupa ya kijani kwenye duka moja la vileo, imepangwa dirishani jua likiipiga mchana kutwa. Nilipoifungua, ilikuwa kama mnyama kicheche amepita sebuleni. Mwanga wa jua huharibu hopsi, lile ua linaloipa bia uchungu, na kioo cha kijani hakizuii mwanga kama cha kahawia. Muuzaji alikataa kuipokea, akasema krafti ndivyo zilivyo. Sivyo. Omba chupa ya kahawia iliyokaa ndani, gizani.

Kinachonikereketa ni kwamba mtama na wimbi viko hapa. Siaya, Busia, Homa Bay, wakulima wanauza mtama kwa ajili ya bia ya Keg, na kiwanda kikubwa cha bia cha Kisumu kilifunguliwa tena mwaka 2019. Keg naiheshimu kwa bei yake na kwa soko inalompa mkulima. Ila ninayoitamani ni bia ya mtungi mdogo iliyopikwa na mtu anayejua kukaanga kwenye bati, yenye kimea cha wimbi, isiyochujwa.

Mpwa anarudi mwisho wa mwezi. Nimemwagiza chupa sita: nne za ngano, mbili za pale ale, na nimemwambia asihangaike na barafu.